Mbwa wa Manjano wa Mzee Yun

Siku yangu ya kwanza kazini sikufanya lolote. Papa Kasongo, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya wanyama, alinipa kigoda, akaniweka mbele ya mbwa mkubwa wa ulinzi aliyekuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, akaniambia, "Wee ikala hapa. Akiamuka, uniite." Nikakaa. Mbwa yule alilala asubuhi nzima, ulimi nje, miguu ikichezacheza kama anayemkimbiza mtu ndotoni, nami nikaogopa kwamba anayekimbizwa ni mimi. Alipofumbua macho, mimi ndiye niliyekuwa nimesinzia. Papa Kasongo alitukuta tunatazamana, mbwa na mimi, kila mmoja akijiuliza mwenzake ametoka wapi.

Ninyi vijana mliobaki pale mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nani alipandishwa cheo na nani alinuna, hayo sitayaandika. Mnayajua kuliko mimi, maana wakati wa chai hamna mazungumzo mengine. Nitaandika ninayoyaota mpaka leo, kwa sababu tangu nistaafu nalala mchana kama paka, na nikilala narudi kliniki.

Ukiondoa kelele, kazi yetu ni kukaa na waliolala. Daktari anapasua, anashona, ananawa mikono, anakwenda kuzungumza na mwenye mnyama. Muuguzi anabaki. Anashika sikio la mbwa kuona kama lina joto, anasikiliza pumzi, anasubiri. Nusu ya maisha yangu nimeipitisha hivyo, dirisha liko wazi, maua ya mijakaranda yanaanguka uani bila sauti, na chumba kizima kinapumua polepole. Kuna nyakati nilisahau kama mimi ndiye ninayewalinda wao au wao ndio wanaonilinda mimi. Msione haya kusinzia kidogo, ila mkono uwe juu ya mbavu za mgonjwa.

Papa Kasongo alinifundisha kwa vitu vidogo. Mdomo wa mbwa mkali alikuwa haufungi kwa bandeji ya duka, bali kwa kitambaa kilichochanwa kwenye shuka kuukuu na kufuliwa mpaka kimelainika. "Ile ya magazini inateleza," alisema, "na meno hayatelezi." Alinifundisha pia kuinua mdomo wa juu, kubonyeza ufizi kwa kidole gumba na kutazama rangi inavyorudi. "Angalia ufizi kwanza. Sura ya mwenyewe wa imbwa utaiangalia baadaye." Yeye alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli kama mimi, watu wa kaskazini sote wawili, na alinisimamia kama baba mkubwa anayemsimamia binti wa ndugu yake: alinigombeza mbele za watu na kunisifia nisipokuwepo.

Kesi ngumu zilikuwepo. Masika moja ugonjwa wa watoto wa mbwa ulipita mitaa yote, na kila asubuhi tulikuta watu wamekaa nje na vikapu, na ndani ya vikapu vitoto vinavyotetemeka ambavyo hatukuweza kuviokoa. Siku hizo Papa Kasongo alimaliza kazi, akanawa, akaenda kukaa peke yake uani. Nilimpelekea chai, hakuinywa. Alipofariki, miaka mingi baadaye, nilichukua kigoda chake bila kuagizwa na mtu, na hakuna aliyekidai.

Lakini kesi ninayotaka kuwaachia si ya zamani. Mlikuwepo wengi wenu, na mlicheka.

Oktoba ile ya joto kali aliingia Madame Yun, Mkorea anayekaa Karavia na mumewe, mhandisi wa shaba. Anazungumza Kifaransa kizuri kuliko changu. Nyuma yake alikuja baba yake, mzee mwembamba, mikono mikubwa, kofia ya majani, asiyejua neno la lugha yoyote tuliyokuwa nayo. Na nyuma ya mzee, mlinzi wao Papa Tshibangu alikuwa amebeba mbwa kifuani, kwa kuwa mbwa huyo hakutaka kukanyaga chini.

Alikuwa jike, rangi ya unga wa mahindi ya njano, manyoya mafupi, pua nyeusi, masikio yaliyokunjika nusu. Tshibangu alimweka juu ya meza, akapangusa jasho.

"Mama Pélagie, unaangalia iyi imbwa? Imepanda ndege. Imepita bahari. Na ukiipeleka Katuba, batu batauliza tu: iyi ni ya nani, ya kule kwa kisima?"

Alisema kweli. Katuba kwetu wapo kama yeye kila kona. Ila kulikuwa na jambo moja. Mbwa wote niliowahi kuwashika huiogopa ile meza ya chuma; hukwaruza, hukojoa, hutaka kuruka. Huyu alipohisi chuma chini ya tumbo lake alishusha pumzi, akajilaza, akatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Vidole vyake vilikuwa vimetanuka kama mkono uliofunguliwa. Nilimtazama Madame Yun, naye akainamisha macho.

Alinieleza baadaye, tukiwa wawili. Nchini kwao mbwa hawa wa manjano hawana ukoo wala vyeti. Ni mbwa wa kijiji tu, ambao wakulima walichagua wakubwa na wapole, kizazi baada ya kizazi, wakawafuga kama sisi tunavyofuga sungura: katika vizimba vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi, wakilishwa mabaki ya mikahawa. Ni mifugo. Nyama yao ilipikwa supu siku za joto kali, ili mwili upate nguvu. Sasa vijana hawaitaki, sheria imepitishwa ya kuikomesha biashara hiyo, na wafugaji wanafunga mmoja mmoja. Baba yake alikuwa mfugaji wa namna hiyo maisha yake yote. Alipofunga, mkewe alikuwa ameshafariki, na binti akamleta Lubumbashi asibaki peke yake. Mzee alikubali kwa sharti moja tu: yule jike aje naye. Kwa nini, hakusema. Jina hakuwa amempa. Sisi tukamwita Manjano.

Tangu hapo nikawa nakwenda Karavia kumtazama, maana kumpandisha kwenye gari ilikuwa vita. Na kila nilipofika, mzee alikuwa anapika. Alikuwa na sufuria yake nyuma ya nyumba: mchele, vichwa vya samaki, matumbo ya ng'ombe, bukari, yaani ugali, iliyobaki jikoni. Alimlisha asubuhi, adhuhuri na jioni, akikaa mbele yake kwenye kibao, mikono magotini, akimtazama anavyomeza. Hakumpapasa. Hakumwita. Sahani ikiisha, alimnyanyua kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja nyuma, kama mtu anayepima gunia kabla ya kulipakia, akasema neno moja kwa Kikorea, akamrudisha chini. Madame Yun alinitafsiria: zilikuwa kilo. Hakosei, alisema, na hakuonekana kufurahi.

Tshibangu alinisindikiza getini siku moja, sauti chini.

"Mama, minakuambia ya kweli. Ule muzee anavimbisha imbwa. Noël iko inafika. Unaona mwenyewe."

"Na wewe Papa Tshibangu, inakuuma nini?"

"Hapana, hainiume. Minataka tu bajue kama miye niko. Bakinipatia hata kichwa, sitakatala."

Hapa mjini watu wanapenda kusema kwamba wanaokula mbwa ni Wakasai. Tshibangu ni wa Kasai, na hakuona haya hata kidogo. Nami sikumcheka, kwa sababu wajomba zangu wa kaskazini walikula vilevile. Tofauti ni kwamba wao walifunga mlango kwanza. Lakini nilianza kumwamini, nikaogopa. Madame Yun aliwaza kama sisi. Aliniambia, akigeuza uso, "Ameniambia anataka awe mnene kabla ya majira ya baridi. Sikumwuliza ni kwa ajili ya nini. Ni baba yangu, Mama Pélagie. Naogopa kumwuliza."

Krismasi ikapita. Manjano akala, akalala. Tshibangu akahamisha matumaini yake hadi Pasaka. Pasaka nayo ikapita, na mbwa akawa mviringo kama pipa, akitembea hatua chache barazani na kuketi. Kisha akaanza kukohoa.

Docta Banza, daktari wa kliniki yetu, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Niliinua mdomo wa mbwa, nikabonyeza ufizi. Ulikuwa na rangi ya majivu, na rangi ilichelewa kurudi. Docta akavua vifaa masikioni.

"Moyo umezidiwa na mafuta. Dawa nitampa, lakini asipokonda, hatafika mvua zijazo. Mama Pélagie, hii ni kazi yako."

Ndiyo jambo ambalo ninyi mlilicheka, na mimi halikunichekesha. Nilipaswa kwenda kumwambia mfugaji aliyelisha mbwa maisha yake yote kwamba chakula chake kinaua.

Nilimwambia, binti akitafsiri, tumekaa pale nyuma ya nyumba, sufuria ikichemka. Uso wa mzee ulibadilika. Akasimama, akasema maneno mengi kwa haraka, akinyoosha kidole kwa mbwa, kisha kwangu.

"Anasema," Madame Yun alisema kwa shida, "kwamba mfugaji mwenye mnyama mwembamba ni mvivu au ni mlevi. Anasema jirani zake wangemcheka. Anauliza kama hapa kwenu mnawaheshimu watu wanaofuga mifupa."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikashindwa, kwa sababu nilimwelewa. Katuba mume ambaye mke wake amekonda huulizwa na wakwe analeta nini nyumbani. Mimi mwenyewe ni mnene, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuniambia ni ugonjwa, wananiambia nimependeza.

Basi nikauliza lile swali ambalo binti yake hakuweza kuliuliza. "Mwambie hivi: anamnenepesha kwa ajili gani?"

Madame Yun alinitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo. Mzee hakukasirika. Alikaa tena kwenye kibao, akamtazama mbwa. Alipojibu alisema taratibu, na binti akatafsiri kipande kwa kipande, akisimama katikati kufuta macho.

"Anasema, mbwa wote aliokuwa nao aliwapa chakula, na hakuwapa kitu kingine. Kisha gari lilikuja likawachukua. Huyu alimzalia watoto wengi, wote walichukuliwa. Yeye mwenyewe amezeeka, hakuna gari litakalokuja kumchukua. Anasema hajui kumfanyia mbwa jambo jingine. Kwa hiyo anaendelea kumlisha."

Nililia, nawaambia wazi. Miezi yote ile tulikuwa tumemwekea mzee kisu mkononi, na kumbe mkononi mwake mlikuwa na kijiko tu. Hata Tshibangu, aliyekuwa anasikiliza karibu na ukuta, alirudi zake getini.

Nikamwambia Madame Yun: kama hajui jambo jingine, tumfundishe. Atembee naye. Nilisema kwa uhakika kama mtaalamu, ingawa sijawahi kumtembeza mbwa hata siku moja. Katuba mbwa hujitembeza wenyewe, na wakirudi huwaulizi walikuwa wapi. Kamba ya kutembeza mbwa ni mambo ya watu wa Karavia. Lakini Juni ikaingia na baridi yake, na kila alfajiri kabla ya zamu nikawa nashuka kwao, tunatoka: mzee mbele na kamba, mbwa, mimi, na Tshibangu nyuma akibeba kiti cha plastiki kama mzee atachoka.

Asubuhi za Juni ziwa la Karavia halionekani. Kuna mvuke mweupe uliolala juu ya maji, na sauti za watu zinafika kabla ya watu wenyewe. Mara nyingi sikujua kama naenda kazini au bado niko kitandani kwangu nikiota kwamba naenda kazini. Mtu anapita na baiskeli yenye magunia ya makaa, anatokea, anatuamkia "Jambo yenu", anafutika. Manjano aliogopa majani. Vidole vyake vilivyozoea waya havikujua kitu kinachopinda. Barabara ya udongo mwekundu aliikubali. Alitembea hatua kidogo, akasimama, akanusa hewa kana kwamba kuna mtu ndani ya ukungu anayemfahamu. Na mzee alisimama naye, akatazama upande uleule. Sikuwahi kuona watu wawili waliosubiri kwa utulivu namna ile, na mmoja wao alikuwa mbwa. Siku nyingine hatukuzungumza kabisa tangu getini hadi getini, na nilirudi kliniki nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetoka misa ya asubuhi.

Ila mbwa hakukonda. Tulipunguza sahani yake, Madame Yun akaificha sufuria, nasi tukampima kwa mizani: hakuna kilichoshuka. Docta Banza aliongeza dawa, akatikisa kichwa. Kikohozi kiliendelea. Aliyefumbua fumbo ni Tshibangu.

"Mama, angalia mufuko yake. Kila mara anasimama, anajifanya anafunga kiatu. Hainame bure."

Nilimsogelea mzee, nikamwomba kwa ishara. Alinitazama kama mtoto wa shule, akageuza mfuko wa koti. Matonge ya bukari yalianguka barabarani, yamekauka, moja baada ya jingine. Manjano akayala yote kabla hatujamzuia. Tulicheka wote watatu katikati ya ukungu, mpaka mzee akaketi kwenye kiti cha plastiki. Lakini nilipoinama kubonyeza ufizi, kicheko kilinikauka. Ulikuwa bado wa majivu.

Agosti nikastaafu. Mlinifanyia sherehe nzuri, mkanipa kitambaa, mkaimba. Mlidhani natabasamu kwa furaha, na kweli nilifurahi, lakini kichwani nilikuwa Karavia. Kazi nilianza na mbwa aliyelala na niliimaliza nikiwa nimeshindwa na mbwa aliyeshiba. Nilimwachia mwenzenu Odette matembezi yale, nikamwambia mifuko ikaguliwe. Sikuuliza habari tena, nawaambia ukweli, kwa sababu niliogopa jibu. Mvua zilipoanza nikahesabu moyoni kwamba Manjano ameshakwenda.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa uani nasonga bukari juu ya mbabula, jiko letu la makaa, sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu wa Kasenga iko pembeni, nikasikia kelele za watoto zikisogea barabarani. Kisha sauti ya jirani yangu Mama Numbi juu ya ukuta:

"Mama Pélagie! Toka uone! Banakuletea nyama ya muzima!"

Nilitoka na mwiko mkononi. Katikati ya kundi la watoto alisimama mzee Yun na kofia yake ya majani, viatu vyekundu kwa tope, na kando yake Tshibangu, ambaye nyumba yake iko mitaa miwili kutoka kwangu, akijifuta shingo.

"Na miguu, mama," Tshibangu alisema. "Kutoka Karavia, na miguu! Nilimuambia tutapanda bisi, akakatala. Odette na madame balimuambia huku ni kwako, basi akataka kuja."

Na Manjano alikuwa amesimama mwenyewe. Kiuno kilikuwa kimeonekana. Mbavu zilikuwa zimeonekana. Nilipiga magoti pale pale kwenye tope na nguo yangu ya misa, nikainua mdomo wake, nikabonyeza ufizi. Ulibaki mweupe kidogo, kisha wekundu ukarudi, mbio.

"Iyi haiko nyama," nilimwambia Mama Numbi. "Iko mugeni. Lete viti."

Tulikaa uani. Tshibangu alinawa, akasali, akaanza kula bila kungoja mtu. Mzee alijaribu bukari kwa vidole, akafundishwa na watoto namna ya kuifinyanga, akaweza. Hatukuwa na mtafsiri, na hakuna aliyemhitaji. Manjano alilala miguuni pake, kidevu juu ya kiatu, macho yake yakifuata mkono wa mzee kutoka sahanini hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi sahanini.

Mzee akafinyanga tonge kubwa, akalichovya kwenye sombe, akaliteremsha chini ya kiti. Mkono ukasimama hewani. Mbwa akainua kichwa. Mimi niliendelea kula. Sina kazi tena, na ule haukuwa mkono wangu. Mzee akalitazama lile tonge, akanitazama mimi, kisha akalipandisha na kulitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna polepole, na mkono wake wa kushoto ukashuka kichwani kwa mbwa, ukabaki pale.